Omeprazoli

Omeprazoli ni dawa inayopunguza utengenezaji wa asidi tumboni. Hutumika kutibu kiungulia cha mara kwa mara, vidonda vya tumbo na vidonda vya umio vinavyotokana na asidi kupanda juu. Iligunduliwa nchini Uswidi na kuanza kuuzwa mwaka 1988 kwa jina la Losec. Nchini Marekani jina hilo lilibadilishwa kuwa Prilosec mwaka 1990, kwa sababu lilichanganywa na Lasix, dawa ya kuongeza mkojo.

Utendaji

Ukuta wa tumbo una seli zenye pampu ndogo za kimeng'enya zinazomimina asidi. Omeprazoli huzifunga pampu hizo, na asidi hurudi kadiri mwili unavyotengeneza pampu mpya. Ndiyo maana dozi moja hufanya kazi siku nzima, ingawa dawa yenyewe huondoka katika damu baada ya saa chache. Kwa kuwa pampu huanza kazi mtu anapokula, dawa humezwa kama nusu saa kabla ya chakula, kwa kawaida asubuhi. Haitulizi papo hapo kama vidonge vya kutafuna. Nafuu kamili huweza kuchukua siku 1 hadi 4. Kapsuli humezwa bila kusagwa wala kutafunwa, kwani asidi ya tumbo huiharibu dawa isiyo na ganda lake.

Matumizi salama

Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 20 mara moja kwa siku. Anayeinunua bila kuandikiwa na daktari hashauriwi kupita siku 14. Kwa vidonda, daktari huandika wiki 4 hadi 8.

Tatizo kubwa ni kwamba nafuu huja hata chanzo kikiwa bado kipo. Katika Afrika Mashariki maumivu yoyote ya chembe cha moyo huitwa kwa urahisi "vidonda vya tumbo", na dawa hununuliwa bila kupima. Lakini vidonda vingi husababishwa na bakteria aina ya Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Omeprazoli peke yake haiondoi bakteria hao. Huhitaji pia antibiotiki, kwa mfano amoksilini pamoja na klarithromaisini. Tena inaweza kuwaficha: kipimo cha choo au cha pumzi huweza kuonyesha kwamba hawapo ilhali wapo, ikiwa mgonjwa ameitumia dawa ndani ya wiki 2 kabla ya kupimwa. Vilevile huweza kutuliza dalili za saratani ya tumbo na kuchelewesha utambuzi wake.

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kukwama kooni na kupungua uzito bila sababu ni dalili za kwenda hospitali, si za kuongeza dozi. Maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani huenda yakawa ya moyo.

Madhara ya kawaida ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuhara. Matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na upungufu wa vitamini B12 na magnesi, na kuvunjika mifupa. Akiacha ghafla baada ya miezi mingi, mtu huweza kupata kiungulia kikali kwa muda, hivyo madaktari wengi hupunguza dozi polepole.

Omeprazoli hudhoofisha klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda. Haitumiwi pamoja na rilpivirini, dawa ya VVU ya kumeza, kwa sababu rilpivirini huhitaji asidi ili ifyonzwe.