Picha 1,200 na Kitufe cha Kurekodi

Kazi ya kwanza niliyopata baada ya kuacha chuo ilikuwa ya kukata picha. Nilikuwa mwaka wa pili, karo ikakwama, na baada ya miezi miwili ya kukaa nyumbani nikajikuta kwenye studio moja ghorofani, katikati ya jiji la Nairobi. Shule fulani ilikuwa imeleta picha 1,200 za wanafunzi zitengenezewe vitambulisho. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: fungua picha, kata hadi saizi ya pasipoti, ongeza mwanga, noa kidogo, hifadhi, funga. Halafu inayofuata.

Nilipiga hesabu. Sekunde 40 kwa picha, mara 1,200, ni zaidi ya saa 13 za kubonyeza bila hata kwenda choo. Tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja aliyekuwa ameifanya kazi hiyo miaka sita. Tulilipwa shilingi 5 kwa kila picha. Yeye ndiye aliyenifundisha mpangilio: kata kwanza, mwanga baadaye, kunoa mwisho kabisa. Ukinoa mapema, alisema, picha inatoka na chembechembe kama mchanga.

Siku ya pili vidole vilianza kuuma. Usiku nikaingia YouTube kutafuta njia ya mkato, na kumbe ilikuwa mbele yangu siku zote. Ndani ya Photoshop kuna kidirisha kidogo kinachoitwa Actions. Unabonyeza kitufe cha kurekodi, unafanya kazi yako mara moja, unasimamisha. Kisha unaielekeza programu kwenye folda nzima, nayo inarudia hatua zako kwa kila picha. Kidirisha hicho kilikuja na toleo la 4 mwaka wa 1996. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Ndipo nikaanza kujiuliza: nani alikuwa wa kwanza kuchoka?

Nilichogundua ni kwamba programu nyingi za picha zilianza na mtu aliyekuwa anajaribu kukwepa shida yake mwenyewe. Mwaka wa 1987 Thomas Knoll alikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Kompyuta yake, Macintosh Plus, ilikuwa na skrini ya nyeusi na nyeupe tu, haiwezi kuonyesha kijivu. Akaandika programu ya kuidanganya ionekane inaweza. Kaka yake John, aliyekuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, kampuni inayotengeneza picha za kimazingaombwe za sinema, akaiona akasema hii ni mali. Wakaikuza pamoja, na Februari 1990 Adobe ikaanza kuiuza kwa jina la Photoshop.

Miaka hiyo hiyo, John Cristy alikuwa kwenye kampuni ya DuPont na shida inayofanana na hiyo. Alikuwa na picha zenye rangi mamilioni na skrini iliyoweza kuonyesha rangi 256 pekee. Suluhisho lake likawa ImageMagick, ambayo ilitolewa bure kwa umma mwaka wa 1990. Hii haihitaji hata kuona picha. Unaandika amri ya mstari mmoja, unagonga, na folda nzima inapunguzwa saizi. Tovuti nyingi zimeitumia kupunguza picha ambazo watu wanapakia.

Halafu kuna wale ninaowapenda zaidi. Spencer Kimball na Peter Mattis walikuwa wanafunzi Berkeley, California. Walikuwa na zoezi la darasa, kuandika kompaila kwa lugha ya Lisp, nalo likawashinda nguvu. Wakaliacha wakaanza kuandika programu ya kuhariri picha. Ndiyo GIMP, iliyotoka mwaka wa 1996, bure hadi leo. Kichekesho ni kwamba toleo la 1.0 la mwaka wa 1998 lilikuja na Script-Fu, njia ya kuiagiza GIMP ifanye kazi za kujirudia, na maagizo yake yanaandikwa kwa Scheme, lugha ya ukoo wa Lisp. Walichokikimbia darasani kiliwasubiri mlangoni. Kama mtu aliyeacha chuo, hiyo hadithi ilinipa moyo sana.

Lakini kuna kitu sikukiona usiku ule. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa analipwa kwa picha. Kila saa waliyookoa ilibaki yao.

Asubuhi nilifika mapema. Nikachukua picha ya kwanza ya kijana mmoja wa kidato cha kwanza, mweupe kiasi, mfupi, nikarekodi hatua zote. Nikabonyeza. Tukanywa chai huku skrini ikipiga picha moja baada ya nyingine kama mtu anayechanganya karata. Kabla ya saa nne zote 1,200 zilikuwa tayari.

Tukaanza kuzipitia. Wanafunzi warefu walikuwa wamekatwa paji la uso. Wasichana weusi tititi, mwanga uliomtosha yule kijana haukuwatosha. Nyuso zao zilikuwa kivuli chenye meno. Kumbe kurekodi si kuona. Mashine ilikuwa imekariri nilichomfanyia mtu mmoja ikadhani wote ni yeye. Dada yule hakusema neno. Alivuta kiti, akarekebisha moja moja zile zilizoharibika, karibu 200, kwa jicho.

Mimi, kwa ujinga wa kutaka sifa, nikamwita bosi.

"Mzee, zimeisha."

"Zote? Kijana, umefanyaje?"

Nikamwonyesha. Alifurahi kweli, akanipiga bega. Ijumaa akatuita. Bei mpya ni shilingi 1 kwa picha, si mashine ndiyo inafanya? Na mtu mmoja anatosha. Alimtazama dada akamwambia atampigia simu kazi ikizidi.

Nilimsindikiza hadi stendi ya matatu. Nilijaribu kuomba msamaha, maneno yakanikwama.

"Dogo," akaniambia, "ungeniambia mimi kwanza. Tungeinyamazia. Tungemaliza saa nne, tukae hadi jioni tukilipwa tano tano."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Wala sikuwa nimefikiria kwamba nilichorekodi hakikuwa changu: kata kwanza, mwanga baadaye, kunoa mwisho. Ilikuwa miaka yake sita, nami niliifungasha kwenye faili ndogo kuliko picha moja ya simu nikampelekea bosi kwa mkono wangu.

Nilitoka hapo mwezi uliofuata. Siku hizi naandika, na nikipata kazi ya picha natoza kwa kazi nzima, sitozi kwa picha. Faili ile bado iko kwenye flashi yangu na bado inafanya kazi. Mteja akiuliza itachukua muda gani, namwambia siku mbili.