Betri ya ndege iliyofia Kiseke

Kimya kimekuwa kirefu, si kwamba nimehama chuo, ni mitihani tu ilinikaba shingo. Sasa nimepumua, niko Kiseke kwa mjomba, nakula ugali kwa sato bila kuhesabu chenji ya bumu.

Mwalimu wetu ametupa kazi ya likizo: historia ya usafiri wa Ziwa Victoria kupitia kitu kimoja tu. Washkaji wote wamekimbilia meli na reli, desa zipo za kumwaga. Mimi nimechagua betri ya ndege. Msicheke, nina kesi nayo.

Mwaka 2012, nikiwa darasa la tatu, mjomba alikuwa na kibanda cha kuchaji betri. Mnaokumbuka enzi hizo mtanielewa: nyumba nyingi zilikuwa hazijavutiwa umeme, watu waliangalia TV kwa betri ya gari, N50 au N70. Ikiisha unaifunga kwenye kerieri ya baiskeli, unaipeleka kuchajiwa, kesho yake unaifuata. Basi siku moja jamaa mmoja akaja na betri ndogo, safi, akasema ni ya kindege chake kilichokaa uwanjani muda mrefu bila kuruka. Uwanja wenyewe si uko huku huku kwetu Ilemela. Mjomba akaiunga mstari mmoja na zile N70 tatu za wateja wengine, akaenda kulala.

Asubuhi tukaikuta ya moto, imevimba ubavuni, inanuka mayai viza. Jamaa alifoka mpaka majirani wakajaa. Mjomba akalipa kidogo kidogo, miezi na miezi, na mtaani likaenea neno kwamba anaua betri za watu. Wateja wakapungua. Yeye mpaka leo anasema: nilifanya vile vile ninavyofanya siku zote. Sasa kosa lilikuwa wapi?

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari za kila wiki kutoka London kuja Afrika Mashariki, na mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Ndiyo, Mwanza hii hii! Kipande cha kutoka Khartoum kuja ziwani kilifanywa na ndege zinazotua majini, Short Calcutta. Mwaka uliofuata njia ikaendelezwa hadi Cape Town.

Vindege vidogo vya enzi hizo, kama Gipsy Moth ambayo Wilson Airways ya Nairobi ilianza nayo mwaka 1929, viliwashwa kwa mkono. Mtu anasimama mbele, anashika panga, anazungusha kwa nguvu, anaruka pembeni. Cheche ya kuwasha mafuta ilitoka kwenye magineto, kifaa kinachojizalishia umeme kikizungushwa na injini yenyewe. Betri ya nini?

Betri ya risasi na tindikali ilikuwapo zamani sana, Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yakaanza kuuzwa yakiwa na stata ya umeme, na taratibu ndege nazo zikafuata. Cessna 172 ilipotoka mwaka 1956, rubani alikuwa anakaa kwenye kiti na kuwasha injini kama anawasha teksi. Hapo ndipo betri ikawa bosi.

Halafu zikaja Cessna Caravan, zilizoidhinishwa mwaka 1984, hizi tunazoziona zikipita juu ya Kiseke. Injini yake ni ya tabaini, na hapo betri dhaifu ni balaa. Ikishindwa kuizungusha injini kwa kasi inayotakiwa, hewa inayoingia inakuwa ndogo, mafuta yanawaka, joto linapanda kupita kiasi na mapanga ya ndani yanaungua. Yaani betri ya bei ya pikipiki inaweza kuua injini ya bei ya ghorofa. Tena jenereta ikifa angani, betri ndiyo inayobaki kubeba redio na vyombo mpaka ndege itue.

Sasa kwa nini ile ya mjomba ilikufa? Nimekaa na vitabu nikapiga hesabu. N70 ina uwezo wa ampea-saa 70 hivi. Betri ya kindege kidogo ina kama 25, kwa sababu ndege haitaki uzito, kwa hiyo mabamba ni membamba na tindikali ni kidogo. Ukiziunga mstari mmoja, ampea zinazopita ni zile zile kwa zote. Kwa ampea 7, N70 inahitaji saa kumi na zaidi. Ile ndogo ilishiba kwenye saa nne, halafu ikaendelea kulishwa kwa nguvu usiku kucha! Na ilikuwa ya kufungwa, isiyoongezwa maji. Kinachochemka humo hakirudi.

Kwa hiyo mwenye kindege, au mnaotarajia kuoa mwenye nacho (hahaha), chaja inachaguliwa hivi:

Kwanza ijue betri yako. Kuna ya maji, kuna ya kufungwa, na kila moja ina volti zake. Kwa betri ya volti 12 chaja nzuri inapanda hadi kama 14.2 au 14.4, ikishiba inashuka yenyewe hadi 13 na kitu na kutulia hapo. Zile chaja za kizamani zisizojua kushuka ndizo zinazokausha betri. Za nikeli na kadimiamu zina chaja zake na chumba chake, hata vifaa havichangiwi, kwa sababu tindikali inaharibu dawa yake.

Pili, ampea ziwe kama sehemu ya kumi ya uwezo wa betri. Ya 25 haihitaji zaidi ya 2 na nusu. Kukiwa na joto kama hili letu volti zipungue kidogo, kwa hiyo chaja inayopima joto ni bora zaidi.

Tatu, ndege isiyoruka ndiyo inayoua betri. Betri hujimaliza yenyewe ikikaa, na joto likiongezeka nyuzi 10 kasi hiyo huwa karibu mara mbili. Ikikaa tupu, chumvi ya risasi inaganda kwenye mabamba na haitoki kirahisi. Pima: iliyotulia na kushiba inasoma 12.6 au zaidi. Ya maji iongezwe maji yaliyosafishwa, tena baada ya kuchaji. Na kila mwaka fundi mwenye leseni aipime uwezo. Kwa kawaida ikishuka chini ya asilimia 80 hairuki tena, hata kama inawasha injini vizuri.

Msidhani ni mambo ya vibanda vya uswahilini tu. Januari 2013 Boeing 787 zote duniani zilizuiwa kuruka kwa sababu ya betri zake za lithiamu. Ziliporudi miezi michache baadaye zilikuwa na sanduku la chuma la kuifunga betri, na chaja nayo ilikuwa imerekebishwa. Chaja! Aina hiyo hiyo ya ndege ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018.

Jana jioni nilimwonyesha mjomba hesabu yangu kwenye daftari. Aliiangalia muda mrefu, kidole kikiwa pale kwenye saa nne.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, mjomba. Ila uliilisha chakula cha watu watatu."

Akanyamaza, halafu akasema, "Basi hata yule mwenyewe hakujua. Angejua angeniambia."

Ndege zimefika Mwanza tangu 1931. Maelezo ya betri yake hayakufika kibandani kwetu, yalibaki kwenye kitabu cha Kiingereza nyuma ya kiti cha rubani, na aliyelipa ni mjomba. Hilo ndilo ninaloandika kwenye kazi ya mwalimu. Akininyima maksi, poa tu.

Haya wadau, tukutane chuo kikifunguliwa. Chajini simu zenu mapema!