Dawa ya rangi ya CT-Scan: Namna ya kuzilinda figo

DAWA ya rangi inayodungwa kwenye mshipa wakati wa kipimo cha CT-Scan humwezesha daktari kuona bayana mishipa ya damu, uvimbe na majeraha ya ndani. Hata hivyo, dawa hiyo yenye madini joto hutolewa mwilini na figo, na kwa baadhi ya wagonjwa huweza kuzidhuru.

Madhara hayo hujitokeza ndani ya siku mbili hadi tatu. Mara nyingi mgonjwa hahisi lolote. Hubainika kwa kipimo cha damu kinachoonyesha kupanda kwa kreatinini, taka ambayo figo nzima huichuja. Wengi hupona baada ya wiki moja au mbili, ila wachache huhitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Walio hatarini zaidi ni wale ambao figo zao huchuja chini ya mililita 30 kwa dakika, au zimepata hitilafu ya ghafla. Kisukari kilichoathiri figo, moyo kushindwa kufanya kazi, uzee na upungufu wa maji mwilini huongeza hatari.

Upungufu wa maji si jambo dogo katika ukame wa uwanda wa kati. Mgonjwa anayetoka Ihumwa, mashariki mwa Jiji la Dodoma, kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa bila kunywa chochote, huweza kufika mwili umekauka. Asijinyime maji ila kwa maelekezo ya daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza kiasi cha kunywa.

Kinga huanza kwa kupima kreatinini na kumweleza daktari magonjwa na dawa zote, zikiwamo za mitishamba. Pengine ultrasaundi au CT-Scan isiyo na rangi hutosha. Rangi ikilazimu, hutumika kiasi kidogo kinachofaa, na mwenye hatari kubwa huwekewa dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kabla na baada ya kipimo. Utafiti wa PRESERVE wa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa wapatao 5,000, ulibaini kuwa bikaboneti na asetilsisteini hazina faida ya ziada.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe. Metformini ya kisukari haidhuru figo, lakini hujilimbikiza zinapolegea. Mwenye figo dhaifu huambiwa aisimamishe kwa saa 48, kisha apimwe tena.

Tahadhari isigeuke woga. Tafiti za karibuni zinaonyesha hatari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa zamani, na kwa majeruhi wa ajali au mwenye dalili za kiharusi, kuchelewesha kipimo huweza kugharimu uhai. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, lakini kuilinda figo uliyozaliwa nayo ni rahisi kuliko kutafuta nyingine.