Kwa Nini Baiskeli ya Temeke Ilibaki Barabarani

Temeke kuna viwanja viwili vinavyopakana: Uwanja wa Uhuru, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, na Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007, unaoingiza watu 60,000. Mpira una nyumba yake pale, na riadha ina njia zake. Baiskeli iko nje ya ukuta, kwenye Barabara ya Mandela, imebeba trei za mayai na inakwepa malori ya makontena yanayotoka bandarini.

Kwingine baiskeli iliingizwa ndani ya ukuta mapema, na sababu ilikuwa hela. Velodromu, yaani kiwanja cha mbio za baiskeli, zilienea Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Mbio za barabarani humpita mtazamaji mara moja tu, halafu barabara huwezi kuikatia tiketi. Waandaaji wakaikunja barabara ikawa duara, wakaweka viti na geti. Olimpiki ya Athens ya 1896 ilikuwa nazo tayari. Leo duara la Olimpiki ni la mbao, mita 250, na kona zake zimeinuka kama paa, nyuzi 42 hivi, ili anayekwenda kilomita 70 kwa saa asiteleze. Baiskeli yake haina breki wala gia za kubadilisha. Tairi likizunguka, pedali nazo zinazunguka.

Kwenye viwanja hivyo alitokea Marshall Taylor, aliyejulikana kama Major Taylor, Mmarekani mweusi, bingwa wa dunia wa mbio fupi mwaka 1899 huko Montreal. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya Wajerumani. Wapinzani weupe walishirikiana kumziba njia, na baadhi ya viwanja vilimfungia geti kabisa. Alifariki maskini Chicago mwaka 1932. Indianapolis, mji aliozaliwa, ulikuja kumjengea velodromu yenye jina lake mwaka 1982.

Kuna atakayesema bingwa hahitaji velodromu, na ana hoja. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu na jezi ya kijani ya Tour de France 2024, mbio za barabarani. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Ila Kigali walifunga barabara kwanza. Na Girmay alipitia kituo cha shirikisho la dunia la baiskeli huko Aigle, Uswisi, ambako kuna velodromu ya mita 200.

Kijana anayewahisha mikate Tandika alfajiri tayari anaujua upepo, uzito na kona. Anachokosa ni mita mia mbili tu za kukimbia kwa nguvu zake zote bila kugeuka kuangalia lori nyuma yake.