Agamben na neno moja la watafsiri

Vijana wenzangu, kuna mwanafalsafa wa Italia, Giorgio Agamben, aliyezaliwa Roma 1942. Kitabu chake Homo Sacer kilitoka 1995, na Kiingereza chake 1998. Jina hilo ni la sheria ya Warumi wa kale: mtu ambaye ukimuua hushtakiwi, lakini pia hafai kutolewa sadaka. Yupo tu, sheria imemwacha. Kwa Agamben, kambi ndipo watu wanabakishwa hivyo.

Sasa cheki watafsiri. Kiitaliano ni nuda vita. Heller-Roazen, aliyetafsiri Homo Sacer, aliandika uhai mtupu. Binetti na Casarino, kwenye kitabu chake kingine kilichotoka kwa Kiingereza 2000, wakaandika uhai ulio uchi. Si kitu kimoja hata kidogo! Kitupu hakina kitu ndani. Aliye uchi, mara nyingi kuna aliyemvua nguo. Mimi nachukua la pili. Kambi zetu zina soko, kwaya, viongozi wa bloku. Utupu uko wapi?

Sehemu ya wazo hilo aliichota kwa Hannah Arendt, Myahudi aliyekimbia Ujerumani 1933, akafungiwa kambi ya Gurs, Ufaransa, 1940. Mwaka 1943, akiwa New York, aliandika insha "Sisi Wakimbizi". Arendt anasema "sisi". Agamben anatutazama kutoka nje. Anzeni na Arendt, ni kurasa chache tu.