Isiolo: Siasa Zilizoanza kwa Kususia Kura

Mei 1963, wakati vyama vya KANU na KADU vilipokuwa vikikabana koo kwingineko nchini Kenya, wapiga kura wengi wa kaskazini hawakwenda vituoni. NPPPP, chama kilichotaka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini iungane na Somalia, kilikuwa kimewataka wasusie, nao wakasusia. Historia ya bunge huku haianzi na jina la mshindi.

Kabla ya hapo hapakuwa na uchaguzi wa kuzungumzia. Isiolo ilikuwa makao makuu ya utawala wa kaskazini na pia lango lake. Kwa sheria ya 1902 na ile ya 1934, mtu wa kusini hakuingia bila kibali, na mfugaji wa kaskazini hakutoka bila ruhusa. Vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku hadi 1960. Wenyeji walipopewa uhuru wa kuunda vyama, waliutumia mara moja kuuliza swali ambalo mkoloni hakulitarajia: kwa nini tuwe Kenya?

Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Onyiuke wa Nigeria na Jenerali Bogert wa Kanada, kusikiliza maoni ya wenyeji. Tume ilikuta kwamba wengi katika maeneo ya Wasomali walitaka kujitenga. Isiolo ilikuwa tata zaidi, kwa kuwa Waborana Waislamu walivutwa na wito wa Somalia, ilhali Waturkana, Wasamburu na Wameru hawakuwa na sababu ya kuufuata. Machi 1963 Duncan Sandys, waziri wa makoloni, alitangaza kuwa maeneo ya Wasomali yangekuwa jimbo la saba la Kenya. Isiolo ikabaki nje ya jimbo hilo na kuwekwa katika jimbo la Mashariki. Kwa maoni yangu, uamuzi huo wa mpaka uliwaumba wanasiasa wa Isiolo kuliko manifesto yoyote.

Tarehe 28 Juni 1963, mwezi mmoja baada ya uchaguzi, Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi karibu na Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Mtaa wa Wabera katikati ya Nairobi umepewa jina lake, na wadi ya Wabera mjini Isiolo vilevile. Desemba mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa, vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kujitenga, vikashika kasi, na baadaye watu wakafungiwa katika vijiji vilivyozungukwa na walinzi. Waborana huita kipindi hicho Gaf Daba. Mkataba wa Arusha wa 1967 kati ya Kenya na Somalia ulimaliza mapigano, lakini sheria za dharura zilibaki hadi Novemba 1991. Mwezi uliofuata, kifungu cha chama kimoja kikaondolewa katika katiba. Isiolo ilitoka katika dharura na kuingia katika vyama vingi karibu kwa pumzi moja.

Labda ndiyo maana vyama havikuota mizizi. Linganisha na Norwei: huko chama cha Leba kilichoundwa 1887 kimekuwa kikubwa kuliko vyote bungeni katika kila uchaguzi tangu 1927, na mpiga kura huchagua orodha ya chama. Isiolo mtu huchagua mtu, tena mara nyingi aliyekwisha kubarikiwa na wazee wa ukoo. Mohamed Kuti aliingia bungeni 2002 kama mbunge wa Isiolo Kaskazini, akawa seneta 2013, kisha gavana 2017, safari hiyo akiwa mgombea huru. Mwaka huohuo wa 2017 Fatuma Dullo alikuwa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa maseneta Kenya, na hilo katika kaunti ambayo baraza la wazee ni la wanaume.

Norwei inatufaa pia kwa hesabu nyingine. Kaskazini yake ni Finnmark, nchi ya wafugaji wa kulungu, Wasami, ambao walipata mbunge wao wa kwanza, Isak Saba, mwaka 1906. Katika chaguzi za 2005 hadi 2021, viti vya majimbo viligawanywa kwa kuhesabu watu na ardhi pamoja: kila mtu pointi 1, kila kilomita ya mraba pointi 1.8. Finnmark, yenye kilomita za mraba karibu 48,600 na watu kama 75,000, ilipata pointi nyingi zaidi kutokana na ardhi yake kuliko kutokana na watu wake.

Nimejaribu hesabu hiyo kwa Isiolo. Kwa sensa ya 2019 ina watu 268,002 na kilomita za mraba 25,336, hivyo ardhi ingeongeza pointi zipatazo 45,600. Ukizijumlisha na za watu, kisha ukagawa kwa wastani wa maeneo bunge 290 ya Kenya, unapata chini kidogo ya viti viwili. Isiolo inavyo viwili tayari. Wanaodhani fomula ya ng'ambo ingetuongezea wabunge wamekosea, na ibara ya 89 ya katiba yetu inaruhusu eneo lenye watu wachache kupungukiwa hadi asilimia 40 ya wastani.

Ugomvi wenyewe uko chini ya miguu. Kiwanjani, mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege, umekaa upande ambao Isiolo na kaunti jirani ya Meru hazijakubaliana mpaka. Upanuzi wa uwanja huo uliwaondoa watu kwa ahadi ya viwanja vingine, na tangu hapo kila mgombea hulazimika kueleza msimamo wake juu ya hati za ardhi kabla ya kutaja chama. Muda wa kikatiba wa kupitia upya mipaka ya maeneo bunge ulipita Machi 2024, tume ya uchaguzi ikiwa haina makamishna. Wapya waliapishwa Julai 2025, lakini mstari kati ya kaunti na kaunti hauko mikononi mwao. Kuubadilisha, katiba inataka tume huru iliyoundwa na Bunge, thuluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti, na katika Bunge la Taifa Meru ina wabunge tisa wa maeneo bunge, Isiolo wawili.