Kimbunga Kikija, Tuondoke Lini?

Sisi mafundi cherehani wa Lizaboni, Songea, tuko mbali na bahari, lakini Aprili 2019 kimbunga kilitufikia hadi mezani. Ilikuwa Shaaban, harusi zimepamba moto, na tulikuwa tunashona gauni la bibi harusi wa Mtwara. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kuwa Kimbunga Kenneth kinaelekea Mtwara na Lindi, na athari zake zingeweza kufika hata Ruvuma kwetu. Mama mtu akatupigia: "Wanangu, mwari yuko ndani, wageni wako njiani. Tuondoke au tungoje?"

Bibi zetu hawakupata nafasi ya kuuliza hivyo. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi ya Sultan Barghash, tufani iliipiga Unguja bila tangazo lolote. Merikebu zilivunjika bandarini, mikarafuu ikang'oka shamba kwa shamba. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile ya 15 Aprili, kimbunga kingine kikaipiga Lindi.

Mwaka 2019 onyo lilitolewa mapema. Shule za Mtwara zilifungwa na watu wakaambiwa wahamie sehemu salama. Mama yule akamchukua mwari wake, wakaenda kwa shangazi Masasi. Tarehe 25 Kenneth akatua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mtwara ikapona, na wapo waliomcheka mama kwamba alikimbia mvua. Lakini kule Macomia na kisiwani Ibo nyumba zililala chini na watu wakafa. Aliyeondoka akarudi salama hakupoteza kitu ila nauli.

Kwenu visiwani muda ni mfupi zaidi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Anayengoja auone upepo kwanza atakuta hakuna chombo. Kwa hiyo uamuzi ni wa siku ya onyo, bahari ingali shwari.

Na dada aliye edani asijione amefungwa. Wanazuoni wameruhusu mjane atoke nyumbani akihofia maisha yake. Mtume (S.A.W.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee.

Basi kubalianeni leo: mtakwenda kwa nani, nani atambeba bibi, vyeti na dhahabu ya mahari vitakaa mfuko gani. Gauni lisiwazuie, linashonwa upya. La yule mwari lilimngoja hapa Lizaboni, akaolewa siku chache kabla ya Ramadhani.

Mwenyezi Mungu atulinde sote. Amin.